Je, Jua Laweza Kuwekewa Pazia?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa dada yangu, Dandora. Saa saba mchana mabati yalikuwa yakilia kwa joto, na moshi wa jaa la taka ulikuwa umetulazimisha kufunga madirisha. Mpwa wangu wa kidato cha pili akaniuliza, “Mjomba, ni kweli kuna watu wanataka kuziba jua?”

Ni kweli, wala si wendawazimu. Mnamo Juni 1991 volkeno ya Pinatubo kule Ufilipino ililipuka na kurusha gesi ya salfa, zaidi ya tani milioni 10. Gesi hiyo ikageuka utandu mwembamba uliozunguka dunia na kurudisha sehemu ndogo ya miale ya jua. Mwaka uliofuata dunia ikapoa kwa karibu nusu digrii. Mlima ukiweza, wahandisi wakauliza, ndege zitashindwaje?

Ndege za abiria huruka kilomita 12 hivi juu. Kazi hii yahitaji kama kilomita 20, mahali ambapo hewa ni nyepesi mno. Ndege ya kupandisha mizigo mizito huko kila siku bado haijaundwa, lakini kuiunda si muujiza. Tabu iko kwingine. Salfa huanguka baada ya mwaka mmoja au miwili, hivyo lazima irushwe tena na tena, miaka nenda miaka rudi. Kazi ikikatizwa ghafla kwa vita au ukosefu wa fedha, joto lote lililokuwa limezuiwa litatuangukia katika miaka michache tu. Isitoshe, pazia hilo laweza kuvuruga mvua. Hebu fikiria vuli ya Ukambani ikitegemea rubani asiyejua Machakos iko wapi!

Suala hili limefika hata Nairobi. Februari 2024, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa huko Gigiri, Uswisi ilipendekeza kundi la wataalamu lilichunguze. Mataifa ya Afrika yakakaza kamba, na pendekezo likaondolewa. Kwa maoni yangu yalifanya vyema.

Nilimwonyesha kijana lile jaa. Lilitangazwa kujaa mwaka 2001, lakini malori hayakukoma. Taka za jikoni zikioza chini pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa miaka 20 hunasa joto mara 80 hivi kuliko kaboni dioksidi ya uzito sawa. Kuinasa huhitaji mabomba yenye matundu, udongo wa kufunika na jenereta. Rahisi zaidi ni kutenga maganda na mabua ya sukuma wiki yawe mbolea kabla hayajafika huko.

Ewe mwanafunzi, jaribu hivi: tia maganda ya ndizi na maji kidogo katika chupa ya plastiki, uvishe mdomo wake puto, ufunge kwa uzi na kuiweka mahali penye joto. Baada ya siku kadhaa puto litaanza kuvimba. Tafadhali usilikaribie na kiberiti.