Sabufa ya Kabatini na Haki ya Jirani





Leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni sabufa. Vijana wetu hawangoji tena kununuliwa. Wanatafuta spika kuukuu ya gari, wanaokota amplifaya ya redio iliyokufa, na wanajenga sabufa yao wenyewe ndani ya kabati la televisheni, ndani ya meza au chini ya kochi.

Siku moja baada ya Isha, kijana wa darasa letu la jioni alitualika kwao hapa Nyamirambo tukaone kazi yake. Alikuwa amechukua chumba cha chini cha kabati la sebuleni akakigeuza boksi la spika ya inchi 12. Mbao alizikata sawasawa, akazipiga gundi na skrubu, kisha akaziba kila upenyo kwa silikoni. Kwa nje huoni kitu ila kitambaa cheusi. Tulimsifu kwa moyo wote, maana kijana anayeketi jioni na msumeno na rula ni bora kuliko anayeketi barazani akihesabu wapitao.

Akaweka kaswida yenye dufu. Subhanallah, sauti ilikuwa nzito mpaka kifuani! Lakini juu ya kabati lile familia huweka msahafu kwenye rehali, na rehali ikaanza kutembea yenyewe. Mama mwenye nyumba akainuka upesi akauchukua msahafu akaupakata. Kabla kaswida haijaisha, mlango ukabishwa hodi. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, bibi wa makamo, si Muislamu, ambaye mumewe alikuwa mgonjwa kitandani. Hakugomba. Alisema tu, "Wanangu, hongereni. Hata kitanda cha mzee leo kinaimba."

Sisi tuliokuwa tukisifu dakika moja kabla tulikosa pa kutazama.

Ndugu zetu, hebu tufahamu kwa nini sabufa humfikia jirani kuliko spika nyingine. Sikio la mwanadamu husikia takriban mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Sabufa hushughulika na ile ya chini kabisa, kuanzia 20 hivi hadi 200. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la sauti yenye mitetemo 50 lina urefu wa karibu mita 7. Wimbi refu namna hiyo halizuiliwi na pazia wala zulia, na ukuta mwembamba hulipunguza kidogo tu. Ndiyo maana jirani hasikii maneno ya kaswida, anasikia "du, du, du" tu. Wewe unapata utamu wote, yeye anapata mtikisiko peke yake. Na wale wanaobandika trei za mayai ukutani wajue kwamba haziizuii besi.

Kumbukeni pia kwamba sabufa iliyojengwa ndani ya kabati imeshikamana na kabati, na kabati limeegemea ukuta. Mtetemo unapita kwenye mbao, unaingia sakafuni na ukutani, unatokea upande wa pili. Na likiwekwa kwenye kona ya chumba, besi huongezeka zaidi.

Wapo watakaotujibu, "Ustadhi, sisi hatupigi muziki wa upuuzi. Tunapiga Qur'ani, mawaidha na kaswida." Suala la muziki lina mjadala wake na si mada yetu leo. Lakini uhalali wa kinachosikilizwa hauhalalishi kumuudhi mwingine. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu msikitini akawasikia Maswahaba wakisoma kwa sauti kubwa. Akafunua pazia, akawaambia kwamba kila mmoja wao anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane kwa kupandishiana sauti katika kusoma. Ikiwa ni hivyo kwa Qur'ani, ndani ya msikiti, baina ya Waislamu watupu, tutasema nini kuhusu dufu linalotikisa kitanda cha mgonjwa?

Na haki ya jirani haikufungwa kwa Muislamu peke yake. Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba Jibril (A.S.) alimuusia sana kuhusu jirani mpaka akadhani jirani atapewa fungu la mirathi. Katika Suratul Luqman, aya ya 19, tunafundishwa kuteremsha sauti. Mafunzo haya tunawakaririsha watoto madrasani. Tatizo ni kuwa tunayaacha madrasani.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi wa Kigali. Machi 2018, misikiti ya wilaya ya Nyarugenge ilikatazwa kutumia vipaza sauti kwa adhana, na sababu iliyotajwa ni kuwa wakazi wanasumbuliwa na kelele. Wengi wetu tuliumia. Tulisema adhana ni dakika chache tu, na ni wito wa ibada. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini mtu anayemwomba jirani avumilie adhana ya dakika tatu atakuwa na uso gani ikiwa sebuleni kwake anamtikisia nyumba saa tatu mfululizo? Jirani hatujui kwa vitabu vyetu. Anatujua kwa yale yanayopita ukutani.

Atasema mwingine kwamba baa na kumbi za harusi zinapiga zaidi. Ni kweli, lakini kosa la mwenzio halitakuwa hoja yako mbele ya Allah.

Hatusemi vijana waache ufundi huu, la hasha. Tunawapa nasaha chache wanaotaka kujenga.

Kwanza, kabla ya kukata ubao, mwambie jirani. Ukiona haya kumwambia, jua moyo wako umeshakupa fatwa.

Pili, usikimbilie wati nyingi. Kutoka wati 50 hadi 100 masikio huona nyongeza ndogo tu. Ili sauti isikike kama mara mbili, nguvu inahitaji kuzidishwa karibu mara kumi. Fedha hizo ni israfu katika sebule ya mita nne.

Tatu, boksi lizibwe vizuri lisivujishe hewa, na amplifaya isifungiwe humo. Iachiwe nafasi ya kupumua, kwani joto huiharibu na laweza kuleta moto.

Nne, kabati lisiguse ukuta wa jirani wala lisikae konani, na miguu yake iwekewe mpira mzito. Mpira hupunguza mtetemo wa sakafuni, lakini hauondoi sauti ya hewani. Dawa yake ni kupunguza sauti.

Tano, msahafu usiwekwe juu ya kabati lenye spika. Utafutiwe mahali pake pa heshima.

Sita, na hili ndilo kubwa: mwache ndugu yako apige, nawe nenda ukakae nyumbani kwa jirani usikilize. Usipime sauti yako ukiwa kwako.

Kijana wetu alifanya hivyo. Kesho yake alikwenda na baba yake wakaomba radhi, akaketi karibu na kitanda cha mzee huku mdogo wake akizungusha kitufe. Mzee alipoashiria kwa mkono kwamba inatosha, wakatia alama ya wino kwenye kitufe. Kabati likahamishiwa ukuta wa upande wa uani. Sabufa ipo mpaka leo na inasikika vizuri, na kitufe hakivuki alama ile.

Sisi walimu nasi tunajikumbusha, kwani shughuli zetu za Maulidi nazo zina spika. Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa majirani ambao watu wanasalimika na ndimi zao, mikono yao na spika zao. Amin.