Tuambiwe Habari za Ukuta

Kila alfajiri kwenye steji ya Njiru, muuza uji hutumbukiza kikombe cha moto katika karai la maji baridi ili mteja mwenye haraka apate kunywa. Uji hupoa, maji huwa vuguvugu, na wala hakuna tone la maji lililoingia ujini. Joto limehama, vitu havikuchanganyika.

Hiyo ndiyo siri ya chombo ambacho baadhi yetu hukiita, kwa tafsiri ya harakaharaka, "kibadilisha joto". Jina hilo lapotosha. Chombo hakigeuzi joto likawa kitu kingine. Hulivusha kutoka majimaji haya hadi yale kupitia ukuta wa chuma. Afadhali "kihamisha joto". Yamkini msomaji atadhani huu ni ugomvi wa wanaisimu wasio na shughuli. La hasha!

Mnamo Mei 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mtambo wa nyuklia, na polisi wakawatawanya. Baadaye macho ya serikali yakaelekea Siaya. Aghalabu mwananchi huhubiriwa megawati za umeme tu, ilhali joto la tanuri la nyuklia laweza pia kupelekwa moja kwa moja viwandani na majumbani. Huko Uswisi, mtambo wa Beznau ulianza kupasha joto nyumba za jirani katika miaka ya 1980. Ule wa Shidaowan, China, ulioanza kazi ya kibiashara Desemba 2023, hutumia gesi ya heliamu inayofikia nyuzi 750, hali mitambo ya kawaida ya maji hukomea karibu na 320.

Lakini mchuuzi wa samaki haulizi nyuzi. Auliza: sumu haitavuka? Jibu limo katika ukuta ule. Wahandisi waweza kuweka mzunguko wa kati baina ya tanuri na kiwanda, na kuupa shinikizo kubwa kuliko la tanuri, ili ukuta ukitoboka, kilicho safi kiingie ndani badala ya kichafu kutoka nje. Hata hivyo kuta huchoka. Huliwa na kutu, hutetemeka, hupasuka. Januari 2012, mtambo wa San Onofre, California, ulivuja kupitia mabomba ya vihamisha joto vilivyokuwa bado vipya. Mwaka 2013 wenyewe wakaamua kuufunga kabisa.

Nimeyasema haya yote kwa Kiswahili, nami si mhandisi. Wala joto la kuhamishwa si geni kwetu: shamba la Oserian, Naivasha, lilitumia kwa miaka mingi joto la visima vya Olkaria kupasha mabanda ya maua.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Basi kabla ya baraza jingine kuitishwa Siaya, ripoti ya mazingira na itolewe kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, na ukurasa wake wa kwanza useme ukuta huo utakuwa wa chuma gani, nani ataukagua, na kila baada ya miezi mingapi.