Kumcheka Aliyedhulumiwa

Ndugu msomaji, sikiliza lugha ya mitaani ya Waingereza na Wamarekani. Aliyelaghaiwa husemwa amenyolewa manyoya kama kondoo, au huitwa mtoto anyonyaye. Na laghai je? Mwaka 1849 alikamatwa New York William Thompson, aliyekuwa akiwauliza wapita njia kama wanamwamini wamwachie saa zao hadi kesho. Gazeti likamwita "mtu wa imani", na jina hilo zuri wamelirithi walaghai wote!

Nasi tusijitoe. Twasema fulani "kaingizwa mjini", "kauziwa mbuzi kwenye gunia", kisha twaangua kicheko. Jamani, kosa ni la nani: aliyeamini, au aliyekhini amana? Tukimcheka aliyedhulumiwa, tumemsaidia dhalimu. Laghai tumwite kwa jina lake: mwizi.