Kisichotambulika Kisibatizwe

Mwaka 1969 Jeshi la Anga la Marekani lilifunga uchunguzi wake ulioitwa Project Blue Book. Kati ya taarifa 12,618 za vitu vilivyoonekana angani, nyingi zilitokana na nyota, mawingu, maputo au ndege. 701 zilibaki bila maelezo. Hapo ndipo baadhi ya wafasiri wetu huteleza na kuviita vitu hivyo "vyombo vya viumbe wa sayari nyingine". Huko si kufasiri. Ni kutoa hukumu ambayo wachunguzi hawakuitoa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuilinda tofauti hii, kwani lugha inayodai kukijua isichokijua humpotosha msomaji. Wahenga walinena: usilolijua ni usiku wa giza.