Zabuni Isiyo na Namba

Ninayo mezani hati ya zabuni ya taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Inaomba "viungio vya shafti vya meno, vya chuma, imara, vya ubora wa juu, vipande 2". Basi. Haisemi mota ina kilowati ngapi, shafti huzunguka mara ngapi kwa dakika, wala kipenyo chake ni milimita ngapi. Aliyeandika sentensi hiyo aliagiza neno "imara", na neno hilo kila mzabuni analo dukani.

Kwa wasiokijua kifaa chenyewe: ni vitovu viwili vyenye meno kwa nje, kila kimoja kikiwa kwenye ncha ya shafti yake, vikavikwa pete nzito zenye meno kwa ndani. Meno hayo ndiyo hupitisha nguvu kutoka mota hadi gia, na kutoka gia hadi mtambo.

Tuchukue kinu cha miwa, maana ndicho kinachogusa riziki ya watu wengi kutoka Awendo hadi Bungoma. Zidisha kilowati kwa 9,550, ugawe kwa mizunguko ya dakika moja, utapata msokoto. Mota ya kilowati 400 inayozunguka mara 1,000 kwa dakika hutoa nyutoni-mita 3,820. Nguvu hiyo hiyo ikishapita kwenye gia na kufika kwenye rola inayozunguka mara 5 tu kwa dakika, msokoto huwa 764,000, tukiacha kando kinachopotea njiani. Kilowati ni zile zile, lakini chuma kinachohitajika ni kingine kabisa. Tena kinu hakilishwi kwa utulivu. Hupokea miwa kwa mafungu, mara jiwe, mara kipande cha chuma kilichodondoka kwenye trela. Ndiyo sababu wahandisi huzidisha tena kwa kizidisho cha mishtuko, ambacho kwa kazi nzito kama hii huweza kufika 2. Hapo tumevuka milioni 1.5. Neno "imara" ni nyutoni-mita ngapi?

Najua nitakavyojibiwa: sheria inatulazimisha kununua cha bei ya chini. Si kweli, na wanaolisema hili wana nakala ya sheria maofisini mwao. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, katika kifungu cha 86, inazungumzia bei ya chini zaidi baada ya tathmini, na tathmini hufuata vigezo vilivyomo katika hati. Kifungu cha 60 kinataka maelezo yawe kamili na sahihi, na matakwa ya kiufundi, inapofaa, yajikite katika utendaji wa kifaa. Afisa aliyeandika "imara" amekwenda kinyume cha sheria kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa. Baada yake kamati huhesabu mihuri na kurasa, kisha mshindi hupatikana kihalali kabisa.

Wapo pia wahandisi wanaokwepa hesabu kwa kusema tununue kikubwa kupita vyote. Huo nao ni uvivu. Uzito wa ziada hulemea beringi, na kiungio cha meno hakipunguzi mshtuko. Kisipovunjika chenyewe, kitaupeleka kwenye gia au shafti, ambazo bei yake ni balaa nyingine. Kisha kuna grisi. Katika shafti za kasi, grisi ya kawaida hutengana, mafuta yakajitenga na kile kinachoyashika, na meno yakasagana makavu. Hati yangu haitaji grisi hata mara moja. Hakuna waziri aliyewahi kukata utepe wa grisi.

Anayelipia haya yote hakuwemo kwenye kamati. Muwa ukishakatwa huanza kupungua uzito na sukari. Kinu kikisimama siku mbili kungoja kiungio kingine, shehena iliyopanga foleni langoni ni hasara ya mkulima.

Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vya Chemelil, Muhoroni, Nzoia na Sony kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Sidai kwamba viliangushwa na viungio. Madeni na siasa vilitosha. Ninachokataa ni fundisho lililofuata, kwamba umma kwa asili yake hauwezi kutunza mashine. Shafti haijui mwenye hisa ni nani. Umma tuliutenga na mafundi wake: anayejua mzigo haandiki hati, na anayeandika hati hajawahi kuingia kinuni.

Bado tuna pampu za maji na mitambo mingine mingi ya umma. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba hati hizi, na ofisi husika siku 21 za kujibu. Wanafunzi wangu wa sheria na wenzao wa uhandisi hula katika mkahawa mmoja. Waandike barua hiyo pamoja, na waulize jambo moja tu: msokoto uliokokotolewa ni kiasi gani, na nani alitia sahihi chini ya hesabu hiyo?