Januari 2028 inakuja, halmashauri mmejipangaje?

Wadau, leo tuongelee shule zetu. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imefanya msingi kuwa miaka 6 na elimu ya lazima miaka 10. Mtaala mpya ulianza 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Sasa piga hesabu: waliokuwa la tatu mwaka ule wanamalizia la sita 2027, na waliokuwa la nne wanamalizia la saba 2027 hiyo hiyo. Yaani Januari 2028 kidato cha kwanza kinapokea madarasa mawili kwa mpigo!

Mimi nimesoma shule ya kata. Majengo tulikuwa nayo, ila mwalimu wa fizikia hatukumwona mpaka tunamaliza. Darasa linajengwa kwa miezi, mwalimu anaandaliwa kwa miaka. Kwa hiyo halmashauri inayopanga madarasa na madawati tu, kwangu hiyo ni nusu mpango. Malengo yaseme kila shule inahitaji walimu wangapi wa hesabu na sayansi, na mwaka gani watafika. Kisha yabandikwe ofisi ya kata tuyafuatilie.

Wilayani kwenu vipi, mmeshayaona? Tiririkeni hapo chini.