Lupasi na dawa ya Kichina: Usiache mbachao

 

Majuma mawili yaliyopita alitufikia mama mmoja akiwa na binti yake. Binti ana umri wa miaka 24, ameolewa mwaka jana, na kwa miaka mitatu sasa anaugua lupasi. Mama alifungua mkoba wake, akatandaza mezani mifuko minne ya karatasi yenye mizizi na maganda makavu, kisha akatoa chupa ya vidonge isiyo na maandishi yoyote ila herufi za Kichina. Aliyemuuzia alimweleza kwamba dawa za hospitali ndizo zinazomdhuru binti, kwamba aziache zote siku hiyo hiyo, na kwamba baada ya miezi mitatu lupasi itakuwa imekwisha. Binti alikuwa ameshaziacha kwa siku mbili.

"Wanangu," alisema mama yule, "mimi sitaki mjadala. Nataka kujua nimpe au nisimpe."

Sisi si matabibu, na tulimwambia hivyo. Jambo la kwanza tulilolifanya ni kuwasihi warudi kwa daktari wao siku ile ile, na mifuko yao mkononi. Lakini swali lile si la mama huyo peke yake, na ndiyo maana leo tumeona tulijibu hapa.

Tuanze na maradhi yenyewe. Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili wa mwanadamu kinga inayopambana na vijidudu. Katika lupasi, kinga hiyo hupotea njia ikamgeukia mwenyewe: hushambulia viungo, ngozi, damu, na mara nyingine figo, moyo au ubongo. Katika kila wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua katika umri wa kuzaa. Huwapata zaidi, tena kwa ukali zaidi, wanawake wenye asili ya Afrika na Asia. Dalili zake ni uchovu usioondoka kwa usingizi, viungo kuuma na kukakamaa asubuhi, homa za mara kwa mara zisizo na malaria, nywele kunyonyoka, vidonda kinywani, na vipele vinavyotanda mashavuni mfano wa mbawa za kipepeo. Jua huyaamsha maradhi haya. Lupasi haiambukizi, wala haikuletwa na jicho la jirani. Dua na ruqya ni kheri kwa kila mgonjwa, lakini hazikuwekwa ili mtu aache kutibiwa.

Tuzingatie neno hili: lupasi si upungufu wa kinga. Kwa hiyo dawa inayosifiwa kwamba "inaongeza kinga ya mwili", iwe ya Kichina au ya kwetu, si zawadi njema kwa mgonjwa wa lupasi. Huenda ikawa ni kumwongezea silaha yule anayempiga.

Hospitalini, dawa ya msingi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ambayo wazazi wetu waliimeza kwa malaria. Asili ya fikra hii ni ya zamani: mwaka 1894 daktari mmoja wa London, Joseph Frank Payne, alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wa lupasi ya ngozi kwa kwinini, dawa itokayo katika ganda la mti. Maradhi yakipanda, daktari huongeza prednisoloni, ambayo huyatuliza upesi. Lakini prednisoloni ina gharama yake: uso hujaa, mifupa hudhoofu, sukari na shinikizo la damu hupanda. Basi hatuwalaumu hata kidogo wale ambao, baada ya miaka ya vidonge, hutafuta mlango mwingine. Binti yule alituambia kwa sauti ya chini kwamba siku ya harusi yake hakutaka kupigwa picha.

Hata hivyo, prednisoloni haikatwi ghafla. Mtu aliyeitumia kwa muda mrefu, tezi zake zilizo juu ya figo huwa zimelala, kwa kuwa kidonge kilikuwa kikifanya kazi yao. Akikiacha kwa siku moja, mwili hubaki mikono mitupu: shinikizo la damu huanguka, mtu huzirai, na anaweza kufa. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, tena kwa amri ya daktari.

Je, tiba ya Kichina ni uongo? La, hatusemi hivyo. Ni elimu ya karne nyingi yenye vitabu na vyuo vyake. Tabibu wake hutazama ulimi, hushika mapigo ya mkono, huuliza habari za usingizi, choo na hedhi, kisha huandika mchanganyiko wa mitishamba unaomfaa mgonjwa huyo peke yake. Lupasi huieleza mara nyingi kuwa ni joto lenye sumu lililoukausha mwili. Wazee wetu wa pwani, waliolelewa katika habari za vyakula vya joto na vya baridi, hawataona ugeni hapo. Hata katika makabati ya maduka ya dawa ya Kichina mna ubani na manemane, ambavyo wafanyabiashara Waislamu walivipeleka China tangu zamani kutoka Uarabuni na Pembe ya Afrika.

Tena sisi wenyewe tunaila neema ya elimu hiyo. Mwaka 1972 mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walipata dawa ya malaria kutoka katika mmea uitwao qinghao, wa jamii ya pakanga. Aliongozwa na kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya nne, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli. Dawa mseto tunazowapa watoto wetu leo zimetokana na kazi ile. Watafiti wa China wamezichunguza dawa za jamii hiyo kwa wagonjwa wa lupasi pia. Lakini tuangalie mmea ule ulivyogeuka dawa: ulipimwa, ukajulikana kiini chake, kiasi chake na madhara yake. Hilo ndilo lisilokuwamo katika chupa ya mama yule.

Upo mmea mwingine ambao Wachina huuita lei gong teng, yaani mtambaazi wa mungu wa radi. Hutumika China kwa baridi yabisi na kwa lupasi, na ni kweli kwamba hutuliza kinga iliyopotea njia. Kwa hiyo si maji ya mitishamba tu. Ni dawa kali. Majani, maua na ganda la mzizi wake ni sumu, na wapo waliokufa kwa kuutumia vibaya. Hata ukitengenezwa vyema unaweza kuumiza ini na figo, kupunguza mbegu za uzazi za mwanamume, na kuisimamisha hedhi ya mwanamke, pengine isirudi tena. Tulipofika hapo katika maelezo yetu, binti yule alimtazama mama yake. Tangu aolewe, dua yake ya kila siku ni kupata mtoto. Hatukujua kama mmea huo ulikuwamo katika chupa ile; wala mama hakujua, wala muuzaji hakumwambia. Ujinga huo peke yake ni hatari tosha.

Hata jina likijulikana, laweza kudanganya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliotumia vidonge vya mitishamba ya Kichina kwa ajili ya kupunguza unene walianza kuharibikiwa na figo. Waliodhurika walizidi 100, na wengi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo. Sababu ilikuwa ni kuchanganya mimea miwili yenye majina yanayofanana kwa Kichina. Mmoja wao, wa jamii ya Aristolochia, una sumu ya figo na huleta saratani. Wanawake wale walikuwa na figo nzima walipoanza. Mgonjwa wa lupasi, ambaye figo zake huenda zimeshaguswa, atakuwa katika hali gani?

Kuchomwa sindano nyembamba ni jambo jingine. Katika utafiti mdogo wa wagonjwa 24 wa lupasi uliofanywa Pittsburgh, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2008, baadhi ya waliochomwa walipata nafuu ya maumivu. Lakini hata waliochomwa juu juu tu, si kwa utaratibu kamili, walipata nafuu kama hiyo. Atakayetaka kujaribu kwa ajili ya maumivu, na amuulize kwanza daktari kama damu yake inaganda sawasawa, na ahakikishe sindano ni mpya na za kutupwa. Hapo tusitarajie zaidi ya kupunguziwa maumivu.

Upo pia upande wa halali na haramu, nao hausemwi dukani. Dawa ya Kichina si majani peke yake. Ile iitwayo ejiao, inayosifiwa kwa wanawake kwamba huongeza damu, hupikwa kwa ngozi ya punda. Nyingine huwa na kondo la nyuma la binadamu, au mizizi iliyolowekwa katika pombe. Jamhuri ya wanazuoni wanaharamisha punda wa kufugwa, kwa katazo la Mtume (s.a.w.) siku ya Khaybar, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zao. Asiyejua kilichomo katika kidonge, amuulize anayeuza. Akikosa jibu, akiache.

Basi afanyeje mwenye kutaka kujumuisha tiba hizi mbili? Afanye kama wanavyofanya Wachina wenyewe. Katika hospitali zao, mgonjwa wa lupasi hupewa prednisoloni na haidroksiklorokwini, na mitishamba hufuata nyuma ili kumsaidia, chini ya macho ya waganga wanaosomeana vyeti. Wao hawakuacha kimoja kwa ajili ya kingine. Nasi tumwendee daktari tukiwa na dawa zote mkononi, bila kuficha. Tumtake tabibu wa mitishamba aandike jina la kila mmea, pamoja na jina lake la kisayansi. Tupime mkojo, figo na ini kabla ya kuanza na baada ya majuma machache. Hata mzizi unaojulikana kwetu kama urukususu, ambao Wachina huutia katika dawa nyingi, hupandisha shinikizo la damu ukizidi. Na miguu ikivimba, mkojo ukitoka na povu jingi, macho yakiwa manjano, kifua kikibana au homa ikipanda, twende hospitali bila kusubiri dozi iishe.

Kwa mabinti wanaotaka kuzaa, tuwape na habari njema: wengi wenye lupasi hubeba mimba na kujifungua salama, hasa maradhi yakiwa yametulia kwa muda wa miezi sita au zaidi kabla ya mimba. Haidroksiklorokwini kwa kawaida haiachwi katika ujauzito. Anayeiacha ndiye anayeyaamsha maradhi.

Dini yetu imetuamrisha kutafuta tiba, na imetufundisha pia kwamba anayejifanya tabibu hali hana elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Muuzaji anayesema "acha dawa zote" hatakuwapo usiku wa manane binti atakapozirai. Atakuwapo mama.

Alhamdulillah, mama yule alirudi kwa daktari jioni ile. Binti alirejeshewa dawa zake, na chupa ya herufi za Kichina ikawekwa kando. Mama ameahidi kwamba akitaka mitishamba tena, itapita kwanza mezani kwa daktari. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha huenda umechakaa na hauvutii macho, lakini ndio tunaosalia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote, na awape subira wanaowauguza. Amin.